Fundi wa picha wa Rumonge aliyejifunza kuacha makovu

Saa tatu asubuhi umeme unarudi Rumonge, mji wa kando ya ziwa, na Warda Tahiri hana muda wa kuushangilia. Anawasha kompyuta, anafuta kioo kwa ncha ya mtandio wake, na mashine haijamaliza kunguruma tayari ameshavuta kiti. Umeme wa mji huu unakuja unapotaka na kuondoka bila kuaga. Kazi ya shavu la bibi arusi inaweza kukatika katikati, na bibi arusi mwenyewe amekaa nje kwenye benchi, anasubiri kwa uso wa mtu asiyependa kusubiri.

Shavu linajaa kioo kizima. Likikuzwa hivyo, linaonekana kama shamba lililolimwa: vitundu, vinyweleo, chunusi iliyokauka, mkwaruzo mdogo karibu na sikio. Warda anapita juu yake polepole, anagusa hapa, anaruka pale. Chunusi inaondoka. Kidoa cheusi pembeni ya pua kinabaki.

“Hiki kidoa alizaliwa nacho,” anasema bila kugeuka. “Bwana arusi anakijua. Nikikitoa, atakuja kuniuliza nimemuozesha nani.”

Studio ni chumba kimoja kando ya barabara ya soko, na wateja wanaiita tu “kwa Mama Esha”, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mwenye studio kwa kweli ni mjomba wake, mzee Asmani, ambaye amekuwa akipiga picha harusi na maulidi za mji huu tangu kabla ya vita. Mzee huyo hana wivu. Akiulizwa nani fundi kati yao, anajibu kwamba yeye anapiga picha na mpwa wake anazipiga pasi.

Mwandishi wa habari hizi naye alikaa mbele ya kamera ya mzee Asmani, kwa heshima ya wenyeji. Alitoka akiwa kijana kuliko mdogo wake wa kuzaliwa, na hakulalamika.

Warda alizaliwa hapa Rumonge, katika mtaa wa Waswahili. Upande mmoja babu zake walitoka Ujiji, upande mwingine walitoka ng’ambo ya ziwa, Kongo. Risasi zilipoanza kushuka kutoka milimani miaka ya tisini, familia ilikimbilia Bujumbura, na huko, katika mtaa wa Buyenzi, msichana aliyekuwa na cheti cha shule ya msingi na mikono mitupu akapata kazi ya kufagia studio ya Mkongomani mmoja kutoka Bukavu, Cirhuza. Cirhuza alikuwa na kompyuta wakati wengi walikuwa bado wanazisikia redioni. Warda alifagia polepole karibu na meza yake, kila siku polepole zaidi, mpaka bosi akachoka kumkanyaga miguu na kumpa kiti.

Alichojifunza hapo kabla ya kurudi Rumonge anakieleza kwa urahisi wa mtu anayeelekeza mapishi. Anayeanza kazi, anasema, hukosea kwa njia ile ile: anaona ngozi ina mabaka, anamwaga ukungu, ule unaolainisha kila kitu, juu ya uso mzima, mabaka yanapotea na mtu anapotea nayo. Uso unabaki wa plastiki. Mteja anaupenda siku ya kwanza, kisha anapeleka picha nyumbani na mama yake anauliza ni nani.

“Cirhuza alikuwa ananiambia, ‘Dada, ngozi haiko sahani. Sahani ndiyo banaosha mpaka ing’ae,’” anakumbuka, na anacheka.

Dawa yake ni kuuweka ule ukungu juu ya kalki. Kalki ni neno la Kifaransa la programu yake, na maana yake ni kama karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, iliyolazwa juu ya picha. Picha ya chini haiguswi. Kalki anaififisha mpaka ngozi halisi ichungulie, kisha anaitoboa palipo na macho, midomo, pua na mstari wa nywele, kwa sababu sehemu hizo zikipata ukungu mtu anaonekana kama amelia. Mwisho ananyunyiza chembe ndogo ndogo, ili mahali palipopita mkono wake pafanane na mahali ambapo haukupita.

Halafu kuna shingo. Hapo Warda anageuka kabisa na kumtazama mwandishi, maana jambo hili linamkera. Mafundi wengi wanaisahau shingo, anasema, na ndiyo maana mji umejaa picha za wanawake wenye uso wa binti na shingo ya bibi.

Kuna kazi moja ambayo hasafishi ngozi hata kidogo, nayo ni picha ya kitambulisho. Sheria hiyo aliipata kwa aibu. Mwanamume mmoja wa Gitaza anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, aitwaye Maneno, alipigwa picha hapa ya karta, yaani kitambulisho chake, na Warda, kwa moyo mwema, akamtolea makunyanzi na kovu la juu ya jicho. Kwenye kizuizi cha barabara mwanajeshi akaitazama karta, akamtazama Maneno, akairudia karta. Maneno alikaa chini juani nusu siku akieleza kwamba yeye ndiye yeye, huku ndagala zake zikiharibika ndani ya gari. Siku hizi anapita studio kusalimia tu, na kila akipita anauliza kwa sauti kama leo amezeeka vya kutosha.

Vita vimeiletea studio hii kazi ambayo hakuna aliyeitafuta. Nyumba zikiungua, albamu zinaungua. Watu wanakuja na kilichobaki: picha iliyozikwa kwenye udongo, iliyofichwa darini, iliyovuka ziwa ndani ya nguo ya ndani. Zimekunjika, zimeota kuvu, zimeliwa na mende. Wengine wanataka marehemu wao akuzwe kwa ajili ya siku ya kumaliza matanga. Kazi hizi hulipwa kidogo kuliko za maharusi, nyingine hazilipwi, na mzee Asmani ameacha kuuliza.

Mwaka jana ndipo alipokuja Anastasie.

Anastasie ni mkulima wa Kizuka, mjane wa makamo, anayekamua mawese kama majirani zake wengi. Mwanawe wa pekee, Aristide, alipotea miaka minane iliyopita, wakati kilima chao, yaani kijiji chao, kilipokimbia usiku mmoja kuelekea ziwani. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Kwenye msongamano wa mitumbwi mkono ulimponyoka, na mtumbwi aliopandishwa ukaenda kusini bila mama yake.

Tangu hapo alikuwa akiuliza kwa mdomo tu. Kisha akasikia kwamba Kalume, mfanyabiashara wa Kabonga anayevuka mpaka mara kwa mara, anapeleka picha kwa wafanyakazi wa misaada wanaowatafuta watoto waliopotea katika kambi za wakimbizi upande wa Kigoma. Anastasie alikuwa na picha moja, ndogo kama kiganja cha mtoto, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa na mpiga picha wa sokoni. Ilikuwa imekaa miaka yote hiyo ndani ya nyumba ya mawese, na mawese yakaifikia. Nusu ya uso ilikuwa na matone ya rangi ya chungwa.

Warda aliikuza, akaona matone, akaona kando ya jicho la kulia madoa mengine madogo yaliyokolea, akachukua chombo kile ambacho programu inakiita muhuri: unanakili kipande cha ngozi safi na kukigonga juu ya palipochafuka. Mafundi wote wa pwani hii wanafanya hivyo. Picha za Rumonge karibu zote zina mawese, na mkono unazoea. Akasafisha kila kitu. Mtoto akatoka laini, mzuri, mwenye macho ya kung’aa.

Anastasie alipopewa picha aliishika muda mrefu. Akasema murakoze, asante, akatoka. Warda akaendelea na kazi nyingine. Jioni alipotoka kufunga mlango alimkuta bado amekaa kwenye benchi, picha mapajani.

“Nilikuwa nawaza ni mimi nimemusahau,” Anastasie alimwambia. “Nilisema, miaka iko mingi, labda sura yake ilikuwa hivi. Lakini zile chale za bibi yake ziko wapi?”

Yale madoa kando ya jicho hayakuwa mawese. Aristide alipokuwa mchanga alishikwa na degedege, na bibi yake akamchanja kwa wembe kando ya macho yote mawili na kumtia dawa, kama wanavyofanya wazee wengi wa huku. Upande wa kulia mtoto alitikisika, na mkato mmoja ukaenda mshazari. Mvulana wa miaka mitano akifika kumi na mitatu anabadilika meno, sauti, urefu, hata masikio. Chale hazibadiliki. Ndizo kitu pekee ambacho mtu wa kambini angeweza kukitambua, na ndizo Warda alizozifuta.

“Nilikuwa nimempa mama wa watu picha ya mtoto mwingine,” anasema. “Na yeye kwa adabu alikuwa tayari kuondoka nayo.”

Alianza upya kesho yake, na ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu doa na chale vilikuwa vimekaa mahali pamoja. Akigusa kimoja alikuwa anagusa kingine. Alijaribu muhuri mdogo zaidi, alijaribu kupunguza weusi, uso ukawa na mabaka kama ukuta uliolowa. Alipochoka ndipo akajiuliza swali ambalo angepaswa kuanza nalo: ni nini kinachotofautisha hivi viwili? Jibu likawa rangi. Picha ni nyeusi na nyeupe, na mawese yana rangi ya chungwa.

Kompyuta huitunza kila picha kwa tabaka tatu za rangi, nyekundu, kijani na buluu, na fundi anaweza kuitazama moja moja. Warda akafungua buluu: matone yalikuwa meusi kama masizi. Akafungua nyekundu, na matone yakawa yametoweka yenyewe, bila kuguswa. Mawese yalikuwa yameyeyuka ndani ya mwanga mwekundu. Palibaki mtoto, vitundu vya ngozi yake, na kando ya jicho mikato mitatu midogo, mmoja mshazari.

Mzee Asmani anasema siku hiyo mpwa wake alipiga ukelele, na yeye akadhani wapiganaji wameingia mjini. Alikuwa tayari chini ya meza alipoitwa aje kutazama kioo.

Kalume akaipeleka picha hiyo kusini. Miezi ikapita. Kisha ikaja habari: katika kambi moja kulikuwa na kijana aliyepewa huko jina la Samy, aliyelelewa na mwanamke wa Makamba aliyemuokota ufukweni. Hajui jina la kilima chao. Lakini ana chale kando ya macho, na anayemlea anakubali kwamba si wa kumzaa. Pamoja na habari ikaja picha yake, ya rangi, amevaa shati jipya.

Hapo ndipo ulipokuja mtihani wenyewe. Wale wa kambini, kwa wema wao, walimpeleka kijana kwenye studio ya mjini, na fundi wa huko naye, kwa wema wake, akamsafisha. Paji la uso lilikuwa laini kama yai lililomenywa. Kando ya macho palikuwa na kivuli tu, ambacho kingeweza kuwa chale na kingeweza kuwa nywele.

“Walimusafisha vizuri sana, wakamuharibu,” ndivyo Kalume alivyosema alipoikabidhi.

Warda aliijaribu picha ile kwa kila alichokijua. Aliongeza ukali wa mistari, akapata chembe tu. Alifungua tabaka zote za rangi, zote zikawa tupu. Kilichofichwa na doa kinaweza kurudi, anaeleza, kwa sababu kiko chini ya doa. Kilichofutwa hakipo mahali popote, na kompyuta haiwezi kukumbuka kitu ambacho haikuonyeshwa.

Anastasie alikuwa amesimama nyuma ya kiti akisikiliza. Aliomba jambo moja: kwa kuwa Warda anajua chale zilivyokaa, na picha ya zamani anayo, basi azichukue kule na kuzigonga hapa, ili yeye amuone mwanawe.

Kwa fundi kama Warda hiyo ni kazi ya dakika chache, na isingejulikana kwa macho. Anakiri kwamba mkono wake ulishakwenda kwenye kipanya.

“Ningeweka, na angelia, na angenibariki,” anasema. “Lakini ningekuwa nimemtengenezea mtoto. Kama huyu si wake, angekwenda kumchukua mtoto wa mama mwingine, na yule mama mwingine angebaki anatafuta.”

Alikataa. Anastasie aliondoka bila kuaga, na kwa majuma mengi hakuonekana Rumonge, hata siku za soko. Watu wa Kizuka walileta maneno kwamba fundi ana roho ngumu. Warda aliyasikia, na yalimuuma, na hakutuma mtu kujitetea.

Badala yake alimpa Kalume maagizo ya kupeleka kambini, akayarudia mara mbili ili asisahau. Kijana anyolewe kando ya masikio. Asimame karibu na dirisha, mwanga umpige kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele unalaza ngozi na mwanga wa ubavu unaiamsha, kila shimo na kila mkato ukipata kivuli chake. Asivalishwe chochote kipya. Na picha isipite mkononi mwa fundi yeyote. Kalume, ambaye ana ndevu na heshima zake, alisema hajawahi kutumwa kuomba picha mbaya.

Leo, bibi arusi akiwa ameshaondoka na bahasha yake, Kalume anaingia. Anasalimia amahoro, anamsalimia mzee Asmani kwa mikono miwili, na kutoka mfukoni anatoa kifurushi cha nailoni. Nyuma yake, hatua chache, amesimama Anastasie. Kalume alipitia Kizuka kumchukua, ingawa hakuagizwa.

Warda anamtolea mgeni kiti, na Anastasie anakikubali, na kwa hao wawili hilo linatosha kwa sasa. Picha inalazwa kwenye skana. Mstari wa mwanga unapita chini yake, unarudi.

Kijana anatokea kwenye kioo. Amesimama dirishani na fulana iliyotoboka begani, amekunja uso kama vijana wa umri wake wanavyokunja wakilazimishwa kutulia. Warda anakuza kando ya jicho la kulia, anaiweka picha ya zamani pembeni yake. Mikato mitatu, na mikato mitatu. Imetanuka kwa sababu kichwa kimekua, lakini nafasi kati yake imetanuka sawasawa, na ule wa mwisho umekwenda mshazari, upande ule ule.

Warda anatazama tena, halafu tena. Anamwambia Anastasie kwamba yeye ni fundi wa picha tu, na wale wanaotafuta watoto bado watauliza maswali yao kabla ya kumtoa kijana kambini. Lakini kwa anachokiona yeye, mkono uliochanja hapa ndio uliochanja pale. Mzee Asmani anapata ghafla shughuli ya kupanga fremu ukutani.

Mpango umeshafahamika. Njia ikiwa salama, Anastasie ataondoka na Kalume wiki ijayo kupitia Kabonga. Warda naye ana lake: wakirudi wawili, anataka wapite hapa kabla ya kwenda Kizuka, mjomba awapige picha pamoja, bure. Na akipata nafasi anataka kuwafundisha mafundi wenzake wa pwani hii, wale wa Nyanza-Lac na hata wa Kigoma wakikubali, kwamba picha ya mtoto anayetafutwa haisafishwi. Anasema vita karibu vitakwisha, wote wanasema hivyo sasa, na wakimbizi watakaporudi, wanaotafutana watakuwa wengi kuliko picha zilizobaki.

Anastasie hasikilizi mipango. Ameomba uso upunguzwe, auone wote, na amesogea mpaka pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo. Tayari ameshaziacha chale. Kidole chake kinapita juu ya mashavu ya kijana, kidevu, paji la uso, pote palipojaa vipele vyekundu vya umri wa miaka kumi na mitatu.

“Iko na chunusi,” anasema taratibu. “Amekuwa mukubwa.”

Warda anamuuliza kama angependa nakala kubwa ya kuweka nyumbani, na kwa mazoea tu mkono wake unashika kipanya. Anastasie anauona mkono huo, na anauwekea wake juu.

“Usitoe hata moja, Mama Esha.”